Kurudi Ilikuwa Kazi ya Lloyd

Carnarvon, Australia Magharibi
4 Mei 1997

Dada Avis,

Natumai barua hii inakukuta kibarazani na chai yako, goti limetulia na majirani wanakuogopa kama kawaida. Sisi watatu tu wazima, kwa kadiri ya miaka yetu. Mimi nina mafua madogo. Nugget sasa hasikii kabisa. Juzi nilidondosha sufuria karibu na sikio lake, akaendelea kukoroma. Duchess naye macho yamekwisha. Nimemvisha Nugget kengele shingoni, ile ndogo iliyokuwa mlangoni kwa mama, na Duchess anaifuata popote inapokwenda. Mmoja anaona, mwingine anasikia, na ukiwajumlisha unapata mbwa mmoja mzima, mnene kidogo.

Asubuhi nawabeba kuwashusha ngazi ya karavani, kijumba chetu hiki cha kuvutwa na gari. Huanza Nugget, maana Duchess akitangulia kabla ya kengele huenda kugonga gurudumu kwa pua. Tunatembea hadi kwenye bomba la maji, na kwa muda tunaotumia, mimi na Lloyd zamani tungeshafika mji mwingine. Halafu nachemsha chai, nakaa mlangoni, nao wanalala juu ya miguu yangu mpaka inakufa ganzi. Ule upande wa kitanda aliokuwa akilala marehemu Lloyd wameurithi wao. Niliwakataza kwanza, nadhani ilikuwa wiki nzima. Sasa nalala nimebanwa ukutani na nina furaha, Dada, hata kama hutaamini.

Umeniuliza tena nitakuja lini, ukaniambia kwamba nafasi yetu ubavuni mwa nyumba yako bado ipo. Asante. Lakini mimi kurudi siwezi. Kurudi ilikuwa kazi ya Lloyd. Tuyaache hayo, kwa sababu nikiendelea nitalia au nitacheka, na yote mawili yanaloanisha karatasi.

Niandikie Geraldton, barua isubiri posta mpaka nipite.

Mdogo wako,
Coralie


Wallaroo, Australia Kusini
19 Mei 1997

Coralie,

Goti halijatulia, na majirani hawaniogopi, wananiheshimu. Mafua yako yatibu kwa limau, si kwa divai. Hapa mvua zimeanza. Mlimau umezaa mpaka nawagawia watu nisiowapenda. Ern wa nyumba ya pili, yule aliyekuwa akiendesha malori ya shayiri mpaka gatini, amestaafu kabisa na sasa hana kazi ila kuegemea ua wangu na kunieleza namna ya kupogoa.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. "Kurudi ilikuwa kazi ya Lloyd." Kwa hiyo miaka yote ile mlipokuja Krismasi, Lloyd ndiye aliyetaka kuniona, wewe ukiletwa kama sanduku? Nilimpenda Lloyd na nilimlilia, unajua. Lakini dada yako mimi, si yeye. Neno lile limeniumiza na sitajifanya halikuniuma.

Tena mbwa siwapendi, hilo nalo unalijua. Lakini huyo Nugget alizaliwa chini ya karo langu la kufulia, yule mbwa jike wa barabarani alipoingia kwangu bila hodi, na ana haki ya kupaona tena kabla hajafumba macho. Tarehe kumi na nane Oktoba natimiza sabini na tano. Sitaki zawadi. Nataka karavani ile ubavuni mwa nyumba yangu, na wewe ndani yake. Kama hutaki kuja, sema hutaki. Usiniandikie mafumbo.

Avis


Dongara
22 Juni 1997

Dada yangu,

Samahani kwa kuchelewa. Geraldton nilipita bila kusimama, sikupenda nafasi waliyonipa pale kambini, ikabidi niwaandikie posta waniletee barua yako huku. Tupo salama. Duchess aling'olewa jino, na daktari akashangaa kuona Nugget naye analia chumba cha pili, wakati hakusikia chochote. Nimetengeneza pasti kama za mama, vifuko vya unga vyenye nyama na viazi ndani, kwenye jiko lisilotosha hata kuokea wazo. Mbili zilikuwa zangu. Sikuzila mimi.

Hujui furaha ninayoipata nikijua umekasirika na bado umeandika kurasa zote mbili. Kutaka nataka. Lakini upepo wa uwanda wa Nullarbor, njiani kuja kwako, mwezi huu ni mbaya, na Oktoba iko mbali, na jino la Duchess halijapona vizuri. Acha nikusimulie kichekesho, tusahau.

Unajua kambi za karavani zilivyo. Saa kumi na moja jioni kila mtu hutoa kiti chake na glasi yake, watu wanakaa wakiangalia barabara. Karavani mpya ikiingia, mazungumzo yanakoma. Hakuna sinema inayoshinda hiyo. Mume huwa garini, mke nyuma anaelekeza, na ndoa ya miaka arobaini inatikisika mbele ya umma.

"Nimesema kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa watu wote, mume wangu."

Basi jioni moja akaja mwanamke peke yake. Wakampa nafasi kwenye kona, ambayo huwezi kuiingia ila mkia wa karavani utangulie. Akakata usukani kulia, karavani ikaenda kushoto. Akakata kushoto, karavani ikafanya lake. Mara ya tatu gari na karavani vilikunjana mpaka vikatazamana, na kona ya nyuma ikang'oa bomba. Maji yakaruka juu kuliko miti, yakawashukia wote waliokaa vitini. Bwana mmoja akapangusa miwani, akasema, "Mama, sisi tulikuwa tumeshaoga." Yule mwanamke akaomba radhi kwa kila aliyemwona, akakanyaga mafuta, akatokea lango lile lile aliloingilia, kamba ya nguo za mtu ikimfuata na suruali za ndani zikipepea. Mbwa wake hawakumsaidia lolote. Mmoja alikuwa amelala fofofo, mwingine alibweka upande usio na mtu.

Nasikia tangu siku hiyo analala kando ya barabara kuu tu, kwenye vituo vya malori, mahali unapoingia upande huu na kutokea ule. Namwonea huruma sana.

Wako,
Coralie


Wallaroo
8 Julai 1997

Mpendwa mdogo wangu,

Mimi mzima, goti limo katika hali yake. Ern ana kikohozi na ni haki yake, kwa kucheka kwenye baridi. Nilimsomea barua yako pale uani. Nilipofika kwenye bomba ilibidi ashike nguzo.

Alipopata pumzi akaniuliza, "Na huyo mwanamke jina lake Coralie, au hakutaja?"

Nikamwambia akome, mdogo wangu amezungumzia mtu mwingine.

"Mtu mwingine mwenye mbwa mmoja kiziwi na mmoja kipofu. Avis, mdogo wako hajakataa kurudi nyumbani. Hajui kurudisha gari nyuma."

Nikaingia ndani, nikatoa barua yako ya Mei, nikaisoma upya. "Mimi kurudi siwezi. Kurudi ilikuwa kazi ya Lloyd." Nililia wiki mbili kwa neno lile, Coralie. Nilimweleza hadi mchungaji kwamba mdogo wangu hanitaki. Kumbe wewe ulikuwa unazungumzia gia. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka goti limesahau kuuma.

Lakini kwa kuwa ni mwanamke mwingine, sina la kukwambia. Ila ukikutana naye, mpe salamu za Ern. Anasema ashike usukani chini kabisa, pale tumboni, kwa mkono mmoja. Akitaka mkia uende kushoto, apeleke mkono kushoto. Akitaka kulia, kulia. Asifikirie magurudumu, afikirie mkono. Na aende taratibu kiasi kwamba ataona aibu. Ern anasema malori yote ya shayiri yaliingia gatini kwa namna hiyo, na waliokuwa wakiharakisha wapo baharini.

Mwambie pia ana dada anayemngoja.

Avis


Norseman
17 Agosti 1997

Dada Avis,

Yule mwanamke anamshukuru Ern. Anakushukuru na wewe, na anaomba msamaha kwa wiki mbili za machozi. Basi, nimechoka kumsingizia. Ni mimi.

Sijui kwa nini niliona haya. Mimi na Lloyd tulizunguka nchi hii miaka sita, na kila jioni yeye alikuwa kwenye usukani na mimi nyuma nimeshika kofia, nikimpungia. Hakuwahi kusimama pale nyuma, wala mimi sikuwahi kukaa pale mbele. Kila mtu na kazi yake. Alipokufa nilijifunza gesi, betri, kumwaga choo, hata kubadilisha gurudumu. Kurudi tu ndiko kulikonishinda, kwa sababu kila nikitazama kioo naona hakuna mtu nyuma. Namkumbuka zaidi kwenye kioo kile kuliko mahali pengine popote. Nikajiambia nitakwenda mbele tu, na Australia ni kubwa, unaweza kwenda mbele muda mrefu.

Nimefanya mazoezi kwenye uwanja wa zamani wa ndege nje ya mji, ambao hauna cha kugonga. Nilipanga ndoo mbili za kuoshea vyombo ziwe lango. Siku ya kwanza nilizikanyaga. Kila siku naweka ndoo nyingine, na mwenye duka amekwishaniuliza nafuga nini. Ule mkono wa chini ni kweli, Dada. Juzi karavani ilipita katikati ya ndoo, nikatoka garini nikacheza peke yangu, na Duchess akanizunguka akidhani kuna chakula.

Halafu jana. Narudi vizuri, taratibu, mara nikamsikia Duchess akibweka, si kubweka kwake kwa kawaida. Nikakanyaga breki. Kushuka, namkuta Nugget amejilaza kwenye kivuli cha karavani, kwenye njia ya gurudumu hasa, usingizi mtamu, na Duchess amesimama juu yake akinibwekea uso kwa uso. Safari hii hakukosea upande. Nilikaa chini kwenye vumbi nikawakumbatia wote wawili. Nugget akaamka, akaona nalia, akanilamba sikio na kutaka biskuti.

Nikampeleka kwa daktari wa hapa kwa sababu hakuwa akilala mchana namna ile. Ni moyo, umechoka. Daktari hakuzungusha maneno. "Kama kuna mahali anapapenda, mpeleke. Usikawie."

Kwa hiyo tunakuja. Nataka alale chini ya karo lako akiwa bado anajua ni karo gani. Lakini nakwambia wazi ninachoogopa. Lango lako ni jembamba, mlimau uko upande mmoja na dirisha lako la chumbani upande wa pili, na mtaa mzima utatoa viti. Nikishindwa nitaegesha uwanja wa maonyesho, nije kwako kwa miguu na mbwa kwapani.

Coralie


Wallaroo
1 Septemba 1997

Coralie,

Ninaituma Ceduna, isubiri posta. Wote wazima hapa, na nimelifagia lile eneo chini ya karo kwa sababu zangu mwenyewe.

Ua wa nyuma umeliwa na mchwa, kwa hiyo Ern ameung'oa wote.

Nimeitazama sentensi hiyo na naona haya kukudanganya. Hakuna mchwa. Nilimwambia Ern aung'oe ili uingie kwa mbele, upite ubavuni mwa nyumba, usimame, na siku ukitaka kuondoka utokee uchochoroni. Hutarudi nyuma hata kidogo. Alinitazama akasema, "Ua ule niliujenga mimi." Nikasema basi unajua pa kuanzia.

Njoo na Nugget wangu. Wako, namaanisha.

Avis


Ceduna
9 Oktoba 1997

Dada,

Nimeisoma barua yako nimesimama pale pale posta, na karani akaniletea kiti. Hakuna mtu aliyewahi kunivunjia ua.

Nullarbor tumeivuka salama, upepo nyuma yetu. Nugget anakula kidogo, lakini jana aliiba keki ya nazi kwa majirani, akaimaliza, na hakuonyesha majuto, kwa hiyo moyo bado una nguvu za wizi.

Sasa sikiliza. Nakushukuru, lakini sitaingia kwako kichwa mbele. Lloyd hakuingia hivyo hata mara moja, na sikupoteza ndoo zote zile bure. Tutafika Alhamisi ijayo, kama saa kumi na moja. Waache watoe viti. Ninachotaka ni wewe usimame nyuma. Chukua kofia au chochote, nipungie. Maadamu unapunga, nitarudi. Sitatazama mlimau, sitatazama watu, nitakutazama wewe tu kwenye kioo. Kuna jambo jingine muhimu kuhusu kupunga, lakini gari la posta linawasha injini na nataka ikufikie

Coralie


Ubavuni mwa nyumba yako
2 Novemba 1997

Dada Avis,

Barua hii haina stempu. Nitaiweka chini ya birika lako ukienda kanisani. Ningeweza kukwambia kwa mdomo, lakini unapokuwepo huwa unaongea wewe. Tena umekwisha kuisimulia habari ya Alhamisi ile kanisani, dukani na kwa daktari wa goti, na kila mahali umeisimulia vibaya. Naweka ukweli kwenye karatasi.

Ukweli ni kwamba niliingia langoni mara ya kwanza. Si ya tatu, ya kwanza. Mkono chini, taratibu mpaka aibu. Mtaa mzima ulikuwa vitini na hakuna aliyenong'ona. Mlimau haukupoteza hata jani. Kwenye kioo nilikuona wewe, na taulo la jikoni, unapunga. Dada, kwa muda mrefu nilikuwa sioni mtu pale. Nilitaka kulia lakini nilikuwa na kazi.

Nikapita dirisha la chumba chako, unapunga. Nikafika nafasi yetu ya zamani, unapunga. Nikajisemea, labda anataka nisogee zaidi kwa ajili ya kivuli. Nikapita jikoni, nikapita chumba cha kufulia, nikapita mahali palipokuwa na ua. Wewe unarudi kinyumenyume, taulo juu, unapunga kwa nguvu zaidi. Nilisimama pale mkia wa karavani ulipofika katikati ya uchochoro na gari la Bwana Hocking likapiga honi.

Nikashuka nikakuuliza, "Mbona hukunisimamisha?"

Nawe ukasema, mbele ya watu wote, "Nikusimamishe vipi? Mimi nilikuwa nakusalimia."

Ulikuwa unanisalimia. Uwanja mzima, kutoka lango la mbele hadi uchochoroni. Ern alilala kwenye nyasi. Alisema kama ua ungekuwepo angekuwa anauokota mpaka Krismasi, na kwamba hajawahi kumwona mtu akirudi nyumbani akapitiliza.

Hilo la mwisho ndilo unaloliacha unaposimulia, na mimi ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Unaacha pia habari ya Nugget. Wakati mnacheka, nilimshusha, kengele ikalia kidogo, naye akatembea mwenyewe bila kuelekezwa mpaka chumba cha kufulia, akazunguka mara moja, akajilaza chini ya karo. Duchess akafuata kengele, akamlalia mgongoni. Nilikuona ukiinama na goti lako bovu kuwawekea lile blanketi zuri la wageni. Mtu asiyependa mbwa.

Sasa la maana. Daktari wa hapa anasema Nugget anaendelea vizuri kuliko moyo wake. Nitakaa mpaka baridi ianze. Mwezi wa Tano nataka kwenda kaskazini tena, kwenye jua. Nugget akiwepo atakuja. Asipokuwepo, kengele nitaivaa mimi, maana Duchess lazima awe na cha kufuata. Kiti cha dereva kina mtu, namshukuru Ern. Lakini ile nafasi ya nyuma, ya kusimama na kofia, iko wazi, na sitaki kumpa mtu mwingine. Kitanda ni kidogo na mbwa wanakoroma. Fikiria kwanza, usinijibu kwa hasira.

Mdogo wako,
Coralie


Jikoni
Siku hiyo hiyo

Coralie,

Mimi mzima, na birika limelowanisha barua yako. Nimefikiria.

Nitalala upande wa Nugget. Kofia ninayo. Kabla ya Mei njoo hapa unifundishe namna ya kukusimamisha, ingawa sioni sana haja yake.

Avis